Ejo ni Lini

Hiyo asubuhi mi sikunywa chai. Nani angekunywa? Nilikuwa bado na kitenge ya kulalia, rafiki yangu Annick akanitumia sauti ku simu, na sauti yenyewe ilikuwa hivi:

"Danielle, we, kaa chini kwanza. Ndoa ya Ilyasi. Ejo. Ku Buyenzi, kwa baba mudogo ya bibi harusi, watu wa mutaa muzima, na Khadidja, sha, Khadidja..."

Ikakatika. Nikapiga, simu yake imezima. Annick ni hivyo siku zote, mutu wa habari kubwa na batri ndogo.

Ejo. Sisi watu wa Bujumbura tunatia Kirundi ndani ya Kiswahili kama chumvi ndani ya maharagi, na ejo ni neno ya Kirundi. Ni jana, na ni kesho pia. Neno moja, siku mbili, mwenye kusikia ndiye anachagua. Mi nikachagua palepale, nikiwa na mswaki ndani ya kinywa: leo Jumamosi, basi kesho Jumapili Ilyasi anaoa, na makatoni yangu bado yamelala ku bandari. Vitabu vyote. Vile nilivyoandika upya ili watu wa ndoa yake wasome wakikula pilau yake.

Nikavaa mbiombio. Mama yangu, Mama Daphrose, alikuwa ku baraza anachambua mboga ya lengalenga.

"Unaenda wapi na hiyo kichwa?"

"Ku bandari, Maman."

"Kwa nani?"

"Kwa makatoni yangu."

"Makatoni iko na jina," akasema bila kuinua macho. "Inaitwa Ilyasi."

"Naenda kulipiza, Maman. Sasa hivi. Usinizuie."

"Nani anakuzuia? Mi nasema vaa viatu. Mutu halipizi kisasi na kandambili."

Nikarudi ndani nikavaa viatu vile vyeusi vya kisigino. Ile ndio mama yangu.

Kutoka kwetu Kibenga mpaka bandarini taksi inapita kandokando ya ziwa, na kila mahali tulipopita mi nilikuwa nimepita na Ilyasi. Yeye ni déclarant, mutu wa kutoa mizigo ya watu ku douane, pale forodhani. Mutu wa maneno machache. Ukimuuliza mzigo wako utatoka lini, anakuambia "ejo", na wafanyabiashara wanachanganyikiwa, hawajui kama umetoka au utatoka. Mi nilimcheka kwa hiyo. Siku moja, tumekaa ufukweni, viatu vyangu iko mukononi mwake kwa sababu mchanga ulikuwa umeingia, nikamuuliza kwa kumtania:

"Na mi, unanipenda lini?"

Akaniangalia na yale macho yake ya usingizi. "Ejo," akasema.

Jana na kesho. Eh, wasomaji wangu. Mi niliyesoma Lettres, yaani fasihi, mpaka chuo kikuu, sikuwahi kusikia mutu anasema mapenzi vizuri vile kwa herufi tatu.

Nikaandika kitabu. Jina yake *Viatu Mukononi*, na mwanaume ndani yake anaitwa Eliya. Eliya ni Ilyasi kwa jina ya kanisa, kila mutu alijua, sikuficha kitu. Mwisho kabisa wa kitabu, msichana anamuuliza Eliya, "Unanipenda lini?" naye anajibu "Ejo," na hadithi inaishia hapo. Birindwa, mwenye mashine ya kuchapa kule Cibitoke, alinichapia, na wanawake wa soko walikisoma mpaka jalada ikatoka. Watu walinisimamisha njiani: "Ejo, mwandishi."

Halafu ikaja Jumapili ile.

Ilyasi alisema atakuja kwetu na wazee wake kunitaka. Kwao ni Waislamu wa Buyenzi wa tangu zamani, kwetu ni watu wa misa ya kwanza, mama yangu anaimba kwaya. Ilikuwa kazi ndefu kumlainisha baba. Akakubali. Akavaa koti. Akaweka Fanta mezani badala ya bia, kwa heshima ya wageni. Akakaa ku kiti yake anaangalia mulango. Tukangoja. Fanta ikapata moto. Baba yangu hakuvua koti mpaka jua ilipozama, na aliposimama alisema kitu kimoja tu: "Rudisha chupa, Danielle."

Ilyasi hakupiga simu. Hakuandika. Baadaye nikasikia amechumbia Khadidja, binti ya rafiki ya mama yake.

Hapo ndipo nilipochukua kitabu yangu na kuifungua tena kama daktari wa upasuaji, lakini daktari mwenye hasira. Eliya nilimpa upara. Nilimpa kukoroma kwa kuamsha majirani. Halafu, na hii ilinifurahisha sana, nikamkimbiza na kiboko. Kwetu Kibenga viboko wanatoka ziwani jioni kula majani, wanapita barabarani kama wenye nyumba. Basi Eliya yuko na mchumba wake, kiboko anatokea, naye Eliya anakimbia, anaacha mchumba, anaacha viatu, analala juu ya mti mpaka asubuhi analia.

Nikampelekea Birindwa. Akasoma amesimama, akavua miwani.

"Danielle, mutoto wangu, mi sichapi hii."

"Kwa nini? Kitabu ni yangu."

"Ilikuwa yako kabla sijaichapa. Mutoto ukishamubatiza, haurudi kwa padri kubadilisha jina kwa sababu umegombana na baba yake."

"Mutoto anakua, Birindwa. Mi sijakufa. Mwandishi akiwa hai, kitabu pia iko hai."

"Andika ingine basi. Muue huyo Eliya mara kumi. Lakini hii, bibi yangu anaiweka chini ya mto. Nimuambie nini? Kwamba yule wa mwaka jana alikuwa wa uongo?"

"Muambie ndiyo."

Nikapeleka kazi kwa mchapaji mwingine, Kigoma, ng'ambo ya Tanzania. Na kule, msahihishaji wao akanipigia simu, Kiswahili chake cha kunyooka kama rula: "Samahani dada yangu, hapa mwisho, hili neno 'ejo', ndiyo nini?" Nilikuwa nimetoka kusikia siku hiyohiyo kwamba Khadidja amepelekewa mahari. Nikamuambia, "Weka jana." Akasema asante. Ikaisha vile.

Ku geti ya bandari nikamkuta Huseni, mukubwa wa wabebaji, anakaa juu ya gunia.

"Karibu mwandishi. Unamutafuta Bwana Kiboko?"

"Nani?"

"Ilyasi. Sisi hapa tunamuita hivyo sasa. Katoni yako moja ilipasuka tukiishusha, Mwenyezi Mungu atusamehe, tukasoma. Mutu wa kreni alicheka mpaka akaweka simenti ya watu ndani ya maji."

Moyo yangu ikaruka kwa furaha. Ilikuwa inafanya kazi, wasomaji wangu. Kisasi changu hakijatoka hata getini na tayari kinafanya kazi.

"Yeye alisema nini?"

Huseni akacheka kidogo, halafu akaacha. "Nenda umuone mwenyewe, binti yangu. Iko mu depo. Anakaa juu ya makatoni yako kama kuku."

Kweli alikuwa amekaa juu yao. Shati nyeupe, mikono imekunjwa, ndevu hazijatengenezwa. Kitabu iko wazi ku goti yake. Nilikuwa nimejiandalia maneno ndani ya taksi, maneno makali, mazuri, mengine ya Kifaransa, na alipoinua macho, maneno yote yakatoroka. Yale macho. Yalinishika kwanza ku viatu, yakapanda polepole, yakafika usoni na kubaki hapo.

"Umevaa vile vyeusi," akasema.

"Nipe makatoni yangu, Ilyasi."

"Karibu kwanza."

"Sikuja kukaribishwa. Nimelipa kila kitu, karatasi iko. Toa mizigo ya watu."

Akafunga kitabu, kidole kimebaki ndani. "Kiboko, Danielle?"

"Ndiyo. Kiboko."

"Mi nilikimbia kiboko?"

"Ndani ya kitabu ulikimbia."

"Siku ile kiboko alipotutokea, ni we ulikimbia. Mpaka kwa duka ya yule mama wa maandazi. Mi nilibaki pale na viatu vyako, nikimuomba kiboko msamaha."

Nilitaka kucheka, wallah, mimi Mukristo niseme wallah. Nikauma midomo.

"Huyo alikuwa Eliya wa kwanza," nikasema. "Amekufa. Huyu ni wa pili."

"Na upara?"

"Itakuja. Baba yako alikuwa nayo."

"Na kukoroma ulijuaje?"

"Nilibuni."

"Bon." Akapangusa jalada na mukono wake, polepole, vile anavyopangusa kitu cha mutu mwingine. "Sikia. Upara, nimekubali. Kukoroma, sawa. Kiboko, hawa watu wataniita hivyo mpaka nizikwe, na mi nitaitika, kwa sababu ile Jumapili nilistahili. Andika mengine. Nipe meno mabovu ukitaka. Lakini hapa mwisho."

Akafungua ukurasa. Hakusoma, alinionyesha tu.

"Hapa umeweka jana."

"Ni kitabu yangu. Nimesahihisha."

"Kosa husahihishwa. Hii haikuwa kosa."

"Ilikuwa kosa. Ulisema ejo, mi nikasikia kesho. Kumbe ulikuwa unasema jana. Nimewekea watu maana ya kweli, wasidanganywe kama mi."

"Yote ndani ya hiki kitabu we ulibuni. Hilo neno hukubuni. Mi nilisema, na kinywa changu, nikiwa na mchanga wako mukononi. We uliandika tu."

"Basi ungekuja kulisema kwa baba yangu." Sauti yangu ilipanda, wabebaji nje wakanyamaza. "Alivaa koti, Ilyasi. Unajua baba yangu na koti? Alikaa anaangalia mulango. Fanta ikapata moto. Unajua aliniambia nini? Rudisha chupa. Mi nikabeba kreti mwenyewe mpaka dukani, mutaa muzima wananiangalia, na muuza duka ananiuliza kama wageni hawanywi. We ulikuwa wapi?"

Aliinamisha kichwa.

"Nilikuwa nimevaa," akasema. "Wazee wako nje ndani ya gari. Mama akakaa chini ku mulango, kizingitini, akanyoosha miguu yake akafunga njia. Akasema, unataka kwenda kwa hao, ruka miguu yangu uende."

Mutu yeyote wa kwetu, Mukristo au Muislamu, anajua. Miguu ya mama hairukwi.

"Nilisimama pale mpaka wazee wakazima gari," akasema.

"Na simu? Mama alikalia na simu pia?"

"Ningekuambia nini? Kwamba nimeshindwa na miguu miwili ya mwanamke mzee?"

"Ndiyo. Ungeniambia hivyo. Mi ningekuja nikakaa chini upande wa pili wa kizingiti, tukangoja nani atachoka." Machozi yalikuwa karibu, na mi sikuja kulia, nilikuja kuliza. "Kesho unaoa. Basi oa. Nataka makatoni yangu leo, wageni wako wasome. Nitasimama mwenyewe ku mulango wa ndoa niuze."

Akaniangalia kwa mshangao. "Kesho?"

"Annick ameniambia. Ndoa ni ejo."

Wasomaji wangu, Ilyasi alianza kucheka. Cheko la mutu ambaye amechoka sana, la kutoa pumzi. Akafunika uso na mikono.

"We," akasema. "We mwenyewe. Mwandishi."

"Nini?"

"Ilikuwa jana, Danielle. Jana Ijumaa, baada ya swala."

Depo ilizunguka. Nikashika katoni. Basi ameoa. Nimechelewa. Nimevaa viatu bure. Lakini, ngoja, bwana harusi gani anaamkia bandarini na ndevu zile?

"Uko na mke?" nikauliza, na sauti yangu ilitoka ndogo kama ya paka.

"Sina."

"Ilyasi, sema vizuri."

"Sheikh amekaa. Pilau imeiva. Wakamutuma mjomba ya Khadidja na mashahidi ndani, wamuulize kama ananikubali. Wakakaa kule sana. Mjomba akarudi peke yake, amebadilika uso. Akasema, bibi harusi hajajibu, bibi harusi ametuma swali." Akameza mate. "Mbele ya watu wote, yule mzee, na kofia yake, akaniuliza: unanipenda lini?"

Nywele zangu zote zilisimama.

"Amesoma," nikasema.

"Ile ya kwanza. Ile ya Birindwa. Wote wamesoma, Danielle. Anajua Eliya ni nani. Alitaka kusikia kama nitamupa jibu la mutu mwingine."

"Na ulimupa?"

"Sikuweza kusema ejo. Na sikuwa na neno ingine. Nikanyamaza. Mjomba akarudi ndani. Tukasikia anavua bangili za harusi, anaziweka chini, moja moja. Basi. Watu wakaondoka bila kula."

Sasa niwaambie ukweli wa moyo yangu, nanyi mnihukumu. Nilifurahi. Nilifurahi mpaka masikio yakawaka. Nilimuona Mama Waridi, mama yake, na masufuria ya pilau inapoa kama Fanta ya baba yangu, na nikasema ndani, haya, rudisha chupa nawe. Halafu ikaja kitu kingine, baridi, nyuma ya furaha. Kisasi hiki sikukifanya mi wa sasa. Upara haukufanya kitu. Kiboko hakufanya kitu. Nilikesha nikisaga sumu, na aliyevunja ndoa ni yule msichana mjinga wa zamani, aliyeandika kwa mapenzi na hakujua kama anachonga kisu.

"Sasa sikia ubaya wenyewe," akasema Ilyasi. "Huseni alileta hii mpya nyumbani jana jioni, anataka kutuchekesha, tusahau. Dada yangu akamusomea mama. Mama alikaa kimya mpaka mwisho. Aliposikia jana, akapiga makofi. Akasema, peleka hii kwa Khadidja, aone mwandishi mwenyewe amefuta. Yameisha, ni ya jana. Atarudi."

"Atarudi?"

"Yeye ni mutu mzuri. Akiona umefuta kwa mukono wako, atarudi." Akasimama. Akawa karibu, nikasikia harufu ya sabuni yake, ileile. "Mama anataka nitoe makatoni yote leo. Nizigawe Buyenzi nzima. Na we umekuja kusema toa. Watu wawili mnaonichukia mmekubaliana."

"Mama yako hakuchukii."

"Na we?"

Nikaangalia makatoni. Macho yake hayakuondoka.

"Sahihi moja tu," akasema. "Utasaini, nitafungua. Lakini niambie kwanza, si Eliya, mi. Neno gani ndio kweli? Jana, au lile la kwanza?"

Akaninyooshea bic, kalamu yake ya kazi. Mukono wake ulibaki hewani kama wa muombaji, na mi niliuangalia ukingoja. Niliuangalia vizuri, bila haraka. Nilikuwa nimesubiri kuona kitu kama kile tangu ile kreti. Ningesema neno moja laini angeanguka kifuani mwangu palepale kati ya vumbi na mafuta ya samaki, na mi ningemshika, najijua. Au ningesaini, angeenda kwa Khadidja na kitabu yangu mukononi, na ningekuwa nimemwozesha mimi mwenyewe.

Nikachukua bic. Nikaifunga kofia yake. Nikamrudishia ndani ya mufuko wa shati, nikaipangusa kidogo hapo juu ya moyo, mara moja tu.

"Usigawe hata moja," nikasema. "Sijasaini. Mizigo ya mutu haitolewi bila sahihi, we ndiye déclarant, unajua."

"Na zikae hapa mpaka lini? Danielle. Utakuja kuzichukua lini?"

Nilikuwa tayari ku mulango. Jua la nje lilinipiga usoni. Nikageuza shingo, mwili nikauacha ulipo, vile mama yangu anafanya akitoka kanisani na kuna mutu hataki kumsalimu.

"Ejo," nikasema.

Nikatoka. Viatu vinalia ku simenti, ko, ko, ko. Nyuma nikasikia amekuja mpaka kizingitini.

"Ejo ipi? Danielle. Ejo ipi?"

Huseni alikuwa bado juu ya gunia lake. Aliniangalia, akaangalia kule nyuma yangu, akatikisa kichwa. "Binti yangu, umemufanya nini mutu?"

"Nimemujibu, baba."

Simu ikalia ndani ya mukoba. Annick, batri imepata umeme. "Danielle, we, ulisikia mwisho wa ile sauti? Ndoa ilivunjika, sha, bangili chini, pilau..."

"Nimesikia."

"Na yeye iko wapi sasa?"

Nikageuka mara moja, kwa mbali. Ilyasi alikuwa amerudi kukaa juu ya makatoni, wima, shati imefungwa mpaka shingoni, anaangalia mulango.

"Amevaa koti," nikamuambia Annick. "Anangoja wageni."